Kusoma Pamoja kwa Intaneti



Mtoto wa Tlawi, huko Mbulu mkoani Manyara, na mtoto wa Wete hawajuani. Lakini wafikapo Kidato cha Nne hufanya mtihani mmoja, ule wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Basi yafaa wote wapate masomo yale yale, na njia ipo.

Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, imeweka katika intaneti masomo ya sekondari yafuatayo mtaala wa Tanzania. Simu moja yatosha watoto wanne. Kila mmoja ajibu swali peke yake kwanza. Kisha walinganishe majibu, na aliyepata amweleze mwenziwe sababu. Amwelezaye mwenziwe naye huzidi kufahamu. Kunakili jibu tu si kusoma pamoja.

Msimu wa karafuu, mtoto aliyekwenda shambani hukosa vipindi. Aliyebaki skuli na ampelekee picha ya ubao kwa WhatsApp, na jioni waulizane maswali.

Karafuu twazichambua wengi jamvini, kila mtu na fungu lake. Masomo ni vivyo hivyo. Mpe mwanao simu saa moja jioni, nawe ukae karibu uone alifanyalo.