Mzigo wa Mwalimu Nao Upimwe

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa Unyanyembe, na wapagazi mashuhuri kuliko wote katika njia ile walikuwa Wanyamwezi. Msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi penye maji kabla jua halijawa kali. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na habari za misafara hiyo zimejaa magomvi ya asubuhi juu ya mizigo. Mpagazi aliyeona mzigo wake umezidi hakunyamaza. Aliutua chini, na wakubwa wa msafara wakalazimika kusema naye kabla ya hatua ya kwanza kupigwa.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya walimu wetu, ambao kila wanapolalamika kwamba hawana nafasi ya kujiendeleza huambiwa neno moja tu: panga muda wako vizuri.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mwalimu wa shule ya msingi ana darasa la watoto 90, na siku hizi darasa la namna hiyo si ajabu. Akiwapa zoezi moja, na akisahihisha kila daftari kwa dakika mbili, atatumia saa tatu. Hapo hajaandika andalio la somo la kesho, hajajaza mahudhurio, hajashika zamu wala hajaketi katika kikao. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliwaleta darasani watoto wengi ambao wangebaki nyumbani, nasi tunaishukuru. Lakini kila mtoto alikuja na daftari lake. Kumwambia mtu huyo kwamba shida yake ni uvivu wa kupanga saa ni kumwonea.

Hata hivyo, mji huu una mfano ambao hatuwezi kuupita. Kati ya mwaka 1946 na 1949, kijana aliyetoka Makerere alifundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's hapa Tabora. Alikuwa amepewa nafasi pia katika shule ya Serikali, akachagua misheni ijapokuwa mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Baada ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Alikuwa mtunza hazina wa tawi la chama cha T.A.A., ambalo lilifungua duka la ushirika la kuuza sukari, unga na sabuni. Na katikati ya shughuli zote hizo, kwa kuhimizwa na mkuu wake, Padre Richard Walsh, alijisomea mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, akaufaulu kwa daraja la pili mwezi Januari 1948. Ombi lake la kwanza la msaada wa masomo lilikataliwa. Akaomba tena, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Kijana huyo ni Julius Nyerere.

Wengi husimulia habari hizi ili kuwakemea walimu: mbona yeye aliweza? Sisi tunaona jambo jingine. Katika miaka hiyo hiyo alikubali pia kazi ya Serikali ya kukagua bei za madukani. Alipoona taarifa zake za udanganyifu wa bei hazisikilizwi, aliiacha. Akautua mzigo ule usio na faida, akabaki na ile aliyoijua thamani yake. Tena yafaa tuseme kweli: alikuwa kijana asiye na mke wala mtoto, na juu yake palikuwa na mkuu aliyetaka asonge mbele. Mwalimu wa kike wa leo, ambaye akitoka shule anakutana na kuni, maji na chakula cha jioni, hawezi kupewa mfano huo bila kupunguziwa kitu kwanza.

Apunguziwe nini? Daftari ndilo la kuanza nalo. Si lazima kila daftari lisahihishwe kila siku. Mazoezi mengine yaweza kusahihishwa ubaoni, watoto wakibadilishana, na mwalimu akachukua mafungu kwa zamu hadi wiki iishe. Walimu wawili wa somo moja wakiketi pamoja kuandaa masomo ya juma zima, kila mmoja ameokoa jioni kadhaa, tena amejifunza kwa mwenzake. Hayo ndiyo yanayokusudiwa na mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambayo huwakutanisha walimu shuleni kwao. Mkutano wa namna hiyo ukiwekwa saa kumi jioni, watu wakiwa na njaa, utakuwa mzigo mwingine tu juu ya mzigo.

Anayesomea stashahada au shahada katika Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi, na aifuate saa ya wapagazi. Saa kumi na moja alfajiri akili haijatumwa na mtu. Saa moja kamili ya wakati huo, mara tano kwa juma, ni bora kuliko usiku mzima wa Jumamosi mbele ya kitabu na usingizi. Lakini saa hiyo haina maana ikiwa usiku uliotangulia alilala saa saba kwa ajili ya daftari.

Kwa hiyo neno letu la leo tunawapelekea zaidi walimu wakuu na maofisa elimu. Ratiba ya muhula ujao itakapoandikwa, vipindi, zamu, vikao na taarifa za kila mwalimu vijumlishwe kwa saa, jina kwa jina, na hesabu hiyo ibandikwe ukutani ofisini. Atakayeonekana amezidiwa aulizwe mbele ya wenzake ni kipi kitolewe, na kitolewe kabla shule haijafunguliwa.