Tangi la Ziada la Pikapu: Hesabu Kwanza, Gereji Baadaye

Dereva anayeondoka Marsabit kuelekea jangwa la Chalbi huiaga lami mapema. Mbele yake kuna Maikona, Kalacha na North Horr, kisha Loiyangalani ukingoni mwa Ziwa Turkana, na njia ya kurudi kupitia South Horr hadi Laisamis. Mzunguko huo unakaribia kilomita 600. Dizeli hupatikana hapa na pale, mara nyingi kutoka kwenye mapipa na madumu, na msafiri hana uhakika kwamba iliyokuwapo jana ataikuta leo. Kwa sababu ya safari kama hizi, wenye pikapu za dizeli huingia gerejini na ombi moja: tangi liongezwe.

Liongezwe kwa lita ngapi? Jibu haliko gerejini. Liko kwenye karatasi na kalamu.

Toyota Hilux ya dizeli hutoka kiwandani na tangi la lita 80. Ford Ranger nayo ni 80, na Isuzu D-Max ni 76. Kwenye lami, pikapu ya aina hiyo isiyolemewa na mzigo hutumia lita 9 hadi 10 kwa kila kilomita 100. Nairobi hadi Moyale, karibu kilomita 780 za lami, hufikika kwa tangi moja, ingawa mshale wa geji utakuwa umelala.

Mchanga huvuruga hesabu hiyo yote. Tairi zimepunguzwa upepo, gia ni nzito, bodi imejaa maji ya kunywa na mahema, kiyoyozi kinafanya kazi kutwa. Matumizi hupanda hadi lita 15 kwa kilomita 100, pengine zaidi. Kwa kiwango hicho kilomita 600 zinataka lita 90. Akiba ya robo, kwa ajili ya kupotea njia, kukwama au kuzunguka laga (mkondo wa mto wa msimu) iliyofurika, inafikisha lita 113 hivi. Tangi la Hilux linapungukiwa na lita 33, na kwa kuwa mafuta ya chini kabisa hayafyonzwi yote, ni busara kuhesabu 40.

Lita 40 ni madumu mawili ya chuma ya lita 20. Kwa anayekwenda Turkana mara moja kwa mwaka, hilo ndilo jibu kamili, na fedha ya tangi jipya ibaki mfukoni au inunue tairi nzuri.

Dumu la chuma lenye mishikio mitatu si chombo cha kudharauliwa. Lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa matumizi ya jeshi. Katika vita vya jangwani Afrika Kaskazini, Waingereza walikuwa wakibeba mafuta kwenye madebe ya bati jembamba yaliyovuja njia nzima, hata sehemu kubwa ya shehena ikaishia mchangani. Walipoyateka madumu ya adui waliyatumia, kisha wakayaiga. Mishikio mitatu huwawezesha watu wawili kulibeba dumu lililojaa, au mtu mmoja kushika mawili matupu kwa mkono mmoja. Dumu la plastiki la mafuta ya kupikia, lile la njano linaloonekana kila mahali, halikutengenezwa kwa kazi hii. Jua hulichosha, mfuniko wake hulegea kwa mtikisiko, na likipasuka, dizeli huenea kwenye mizigo yote. Na dumu la aina yoyote lifungwe bodini, karibu na kebini. Lisipandishwe juu ya paa, ambako huifanya pikapu iyumbe kwenye kona, wala lisiwekwe ndani walimo watu.

Tangi la kudumu lina wenyewe: timu za chanjo ya mifugo, watafiti wa wanyamapori, waongoza watalii wanaozunguka siku kadhaa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, yenye karibu kilomita za mraba 20,000. Watu hawa huhitaji masafa marefu kila wiki. Baadhi yao wameshatatuliwa tatizo na kiwanda. Matoleo mengi ya sasa ya pikapu ya Land Cruiser 79 yana tangi la lita 130, na Land Cruiser 78, ile ndefu yenye paa gumu, katika matoleo mengi huja na matangi mawili ya lita 90 kila moja.

Anayebaki na Hilux, Ranger au D-Max ana njia tatu. Ya kwanza ni kuling'oa tangi la kiwandani na kuweka kubwa lililoundwa kwa umbo la gari hilohilo; yale ya Hilux yanayotengenezwa Australia huchukua takribani lita 140. Ya pili ni kuongeza tangi dogo chini ya bodi, mara nyingi mahali pa tairi la akiba, ambalo sasa litatafutiwa makazi mengine. Ya tatu ni tangi la bodini, nyuma ya kebini, linalohamishia mafuta kwenye tangi kuu kwa pampu ndogo ya umeme.

Njia ya kwanza ndiyo bora, kwa kuwa haigusi mpangilio wa mabomba. Bomba moja la kunyonya, moja la kurejesha, geji moja. Njia mbili nyingine zinahitaji fundi anayeelewa tabia ya injini ya dizeli, na hapa ndipo kazi nyingi za mitaani huharibika.

Pampu ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa. Yanayobaki hupoza na kulainisha vipuri vya pampu na nozeli, kisha hurudi kwenye tangi kwa bomba la marejeo yakiwa ya moto. Fundi akiunganisha tangi la pili kwa koki inayobadilisha bomba la kunyonya peke yake, injini itanyonya kutoka tangi la ziada huku ikirudisha kwenye tangi kuu. Tangi kuu likiwa limejaa, mafuta hayo hayana pa kwenda ila kufurika, na dereva hushangaa lita 60 zimeisha kabla ya kilomita alizotarajia. Kwa hiyo koki sharti ibadilishe mabomba yote mawili kwa pamoja. Toyota hufanya hivyo kwenye Land Cruiser ya matangi mawili kwa kitufe kimoja cha dashibodi. Pampu ya kuhamishia mafuta huliepuka tatizo hili, mradi tangi kuu liwe na nafasi ya kuyapokea.

Kisha kuna uzito. Lita moja ya dizeli ina takribani gramu 840. Pipa la lita 200 lililojaa ni kilo 168 za mafuta, na pamoja na chuma chake linakaribia 190. Hilux imeundwa kubeba karibu tani moja, na katika tani hiyo wamo dereva, abiria, maji, winchi na bampa ya chuma. Mahali pa kuuweka uzito ni muhimu kama uzito wenyewe. Mafuta yaliyo kati ya ekseli mbili hugawanywa mbele na nyuma. Yaliyo nyuma ya ekseli ya nyuma huikandamiza ekseli hiyo kwa uzito unaozidi wao wenyewe na kuinua pua ya gari. Usukani huwa mwepesi, taa zinamulika juu, na springi za nyuma hugonga kila bonde.

Mizani ya barabarani haitamwonya mwenye pikapu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, hivyo pikapu nyingi hupita bila kupimwa. Mwenye gari ndiye anayepaswa kulipeleka kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, na kulinganisha kipimo hicho na kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji.

Tangi lenyewe lifungwe kwenye chasisi kwa mikanda ya chuma yenye raba, kwa sababu bodi na chasisi hujipinda tofauti kwenye mashimo. Ndani liwe na kuta zenye matundu ili mafuta yasirushwe huku na huku dereva anapokanyaga breki. Liwe mbali na bomba la moshi. Liwe na kipumulio kilichopandishwa juu, penye kinga ya vumbi na maji. Bila hewa kuingia, pampu huvuta hadi injini inakosa mafuta. Na lisijazwe hadi mdomoni: lita 140 zilizotiwa alfajiri kwenye nyuzi 20 huongezeka kwa lita tatu na nusu hivi zikifika nyuzi 50.

Mabati yenye zinki na mabomba ya shaba hayafai. Dizeli humenyuka na zinki, nayo shaba huharakisha kuchacha kwa mafuta na kuzaa utomvu unaoziba filta. Hatari kubwa zaidi ni kuchomelea pipa kuukuu lililowahi kubeba petroli. Mvuke uliobaki unatosha kulilipua mikononi mwa fundi.

Usafi nao una uzito mpya kwa injini za leo. Injini ya zamani ya Land Cruiser, 1HZ ya lita 4.2 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ina pampu ya kimakanika na huvumilia mengi. Injini mpya za Hilux husukuma dizeli kwa mgandamizo unaozidi mara 2,000 ule wa hewa ya kawaida, kupitia matundu membamba sana. Chembe za kutu, tone la maji au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huziua nozeli zake. Uchakachuaji huo ndio uliofanya Tanzania ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mwenye tangi kubwa ana nafuu hapa: anaweza kujaza kwenye kituo anachokiamini mjini na kuyapita mapipa ya njiani. Ila gari likilala wiki nyingi kwenye unyevu wa Mombasa au Tanga likiwa na tangi nusu, maji hutuama chini na vijidudu huota baina ya maji na mafuta. Lilazwe likiwa limejaa, na kitenganisha maji cha filta kifunguliwe mara kwa mara.

Safarini, mafuta ya tangi la ziada yasiachwe hadi mwisho. Pampu ya kuhamishia iwashwe mara tangi kuu linapofika nusu, bila kusubiri taa ya onyo. Ikiwa imeharibika, dereva atajua angali na lita 40 za kumrudisha alikotoka.

Kabla ya kulipa, mwenye gari amwulize fundi mambo matatu: bomba la marejeo litaelekea wapi, tangi litafungwa kwenye nini, na kipumulio kitakaa wapi. Akiridhika na majibu, amjulishe mwenye bima kwa maandishi, kisha aliendeshe gari kilomita 100 za barabara ya vumbi karibu na nyumbani, alale chini yake na tochi, na akague kila kiungo kabla ya kuelekea Chalbi.