Turbo Haiamshwi na Kelele

Taa imewaka kijani, gari lenye turbo na gia za mkono limesimama mlimani. Dereva anaachia klachi kama alivyozoea kwenye gari la kawaida. Gari linatetemeka na kuzimika. Analiwasha tena, safari hii anakanyaga mafuta mengi: linajivuta shingo upande, kisha ghafla linaruka mbele. Wengi hapo hulaumu plagi au klachi, na fundi hubadilisha vipuri ambavyo havikuwa na kasoro. Mara nyingi chanzo ni turbo yenyewe na namna inavyopata nguvu zake.

Kila kilo ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Anayetaka nguvu zaidi bila kuongeza ukubwa wa injini hana budi kuishindilia hewa. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliwasilisha maombi ya hataza ya njia ya kufanya hivyo: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe feni, na feni hiyo izungushe feni nyingine inayosukuma hewa ndani. Turbo ya gari dogo ikikolea huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini chakula chake ni moshi. Injini isiyofanya kazi kubwa hutoa moshi haba, na turbo hubaki imelala.

Wakati huo injini hiyo huwa dhaifu kuliko ya kawaida yenye ukubwa uleule. Injini nyingi za turbo, hasa za miaka ya 1990, zilitengenezwa zibane mchanganyiko wa hewa na petroli kwa uwiano wa karibu 8 kwa 1, ilhali za kawaida zilifika karibu 10 kwa 1. Ubanaji ulipunguzwa ili turbo ikiamka petroli isilipuke kabla ya wakati wake. Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko Mombasa. Turbo ikishaamka hufidia upungufu huo. Gari linapong'oka, dereva huusikia wote.

Dawa inayowajia wengi ni kuivumisha injini kabla ya kuondoka. Haisaidii sana. Injini ikiwa haijabeba mzigo, mguso mdogo wa mafuta unatosha kufikisha mizunguko 4,000 kwa dakika. Njia ya hewa hubaki karibu imefungwa, kinachoungua ni kidogo, na moshi ni kidogo pia. Turbo huamshwa na mzigo. Na gari likiwa limesimama, kinachoipa injini mzigo ni klachi inapoanza kushika.

Mzigo huo una gharama. Injini ikishikiliwa kwenye mizunguko ileile huku gari likiifuata kutoka sifuri, nusu ya kazi yake huwa mwendo na nusu huwa joto ndani ya klachi. Chukua gari la kilo 1,400. Kwenye gia ya kwanza, mizunguko 2,500 ni kama kilomita 20 kwa saa, na klachi humeza karibu jouli 22,000. Panda hadi 5,000: mwendo ni maradufu, lakini joto ni mara nne, karibu jouli 86,000, za kutosha kupandisha joto la kilo moja ya chuma kwa takriban nyuzi 180. Rudia mara chache bila kupumzika na harufu ya kuungua itajaa ndani ya gari.

Timu za mbio za magari ziliikwepa hesabu hii kwa njia nyingine. Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, magari ya daraja lake yalikuwa na mfumo wa kuiweka turbo macho: cheche ilicheleweshwa, petroli ikamalizikia kuungua kwenye bomba la moshi, na feni ikaendelea kuzunguka hata mguu ukiwa nje ya mafuta. Joto lake hula turbo haraka, na timu ya mashindano ilikuwa tayari kuibadilisha.

Kwa barabara za kawaida, fuata mpangilio wa mzigo. Pandisha mizunguko hadi 1,500 au 2,000. Achia klachi mpaka uisikie inashika, tulia hapo kidogo, na uongeze mafuta taratibu kadiri injini inavyolemewa. Klachi ikishaachiwa yote, ndipo ukanyage kwa nguvu: injini imebeba gari zima, moshi ni mwingi, na turbo huamka bila klachi kuteleza. Mlimani tumia breki ya mkono. Kulishikilia gari kwa kubalansi klachi hugeuza kazi yote ya injini kuwa joto bila kusogea hata hatua. Anayeondoka hivi hupoteza sekunde moja tu penye taa, na klachi yake huishi miaka mingi zaidi.