Mgonjwa wa Goti Aelezwe kwa Lugha Anayoielewa

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Lakini mgonjwa atauliza nini iwapo jambo analotakiwa kulikubali halina jina katika lugha anayoifahamu? Swali hili ni zito hasa kwa mtu ambaye goti lake moja limevimba kwa miezi kadhaa na sababu haijulikani.

Goti la namna hiyo huenda lina baridi yabisi. Huenda pia limeingiliwa na kifua kikuu, maradhi ambayo, licha ya jina lake, hayakai kifuani pekee. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza isionyeshe tofauti. Maji yanayofyonzwa gotini kwa sindano nayo aghalabu hayatoi jawabu, kwa kuwa vijidudu vya kifua kikuu humo huwa vichache. Hapo ndipo daktari huhitaji kipande kidogo cha ule utando wa ndani ya goti unaotoa ute wa kulilainisha. Hukichukua kwa sindano maalumu au kwa kifaa chembamba chenye kamera, baada ya kumtia mgonjwa ganzi au dawa ya usingizi. Sehemu moja ya kipande hicho hutiwa katika fomalini, kisha hutazamwa kwa hadubini. Nyingine hupelekwa maabara bila fomalini ili vijidudu vioteshwe, kazi inayoweza kuchukua majuma 6 au zaidi.

Kwa nini taabu yote hii? Ni kwa sababu tiba za maradhi haya mawili huweza kupingana. Baadhi ya dawa za baridi yabisi hupunguza kinga ya mwili. Akipewa mwenye kifua kikuu, ugonjwa hupata mwanya wa kula gegedu na mfupa, ilhali ungeweza kutibiwa kwa vidonge vya miezi kadhaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tuitazame lugha. Mgonjwa huyu huweza kutajiwa neno geni, bayopsi, au kupewa tafsiri ya pupa: "Utakatwa nyama ya goti." Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, lakini najua jinsi kitenzi "kata" kinavyofanya kazi. Kikitamkwa hospitalini pamoja na kiungo cha mwili, msikilizaji hafikirii kipande. Aliyekatwa mguu hana mguu. Basi si ajabu mtu akikataa, akarejea nyumbani kujipaka marhamu. Alichokikataa ni ulemavu aliodhani anaandaliwa.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo, sheria haitungi msamiati; kazi hiyo ni yetu. Napendekeza tuseme "uchunguzi wa kipande cha utando wa goti", na kitenzi kiwe "kuchukua". Mgonjwa aambiwe ukubwa wa kipande, sababu ya kukichukua, na pia hatari zilizopo, kama vile kuvuja damu au kuingiwa na vijidudu, hata kama si za kawaida.

Walimu wa Kiswahili na wa bayolojia wanaweza kuanza na zoezi jepesi: wanafunzi waeleze uchunguzi huu kwa sentensi 5 ambazo nyanya zao watazielewa. Miongoni mwa wanafunzi hao wamo madaktari na wauguzi wa kesho.