Boti Mpya, Mashine Mpya: Tuanze Vipi?



Katika vijiji vya mwambao wa Kigoma, kuanzia Kagunga mpaka Kalya, watu wengi wanatamani kupumzika kasia na kununua mashine ya boti. Wengine wamekwisha kununua, mtu peke yake au kikundi. Fedha zake si mchezo. Ni mawese ya miaka mingi, au ni mkopo. Mashine ikifa mwezi wa kwanza, jamaa nzima inaumia. Na ikifa katikati ya ziwa usiku, hapo si habari ya fedha tena, ni roho za watu.

Basi leo tuzungumze juu ya safari za kwanza na matatizo ya mashine.

TULIJUE ZIWA LETU

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi. Mahali penye kina kikubwa kabisa, kina chake ni mita 1,470 hivi. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina.

Sifa hiyo inatuhusu sisi wenye maboti. Sehemu nyingi, ukiacha ufuko kidogo tu, maji yanakuwa marefu ghafla. Kamba ya nanga haifiki chini. Mashine ikizimika huko, huwezi kutia nanga ukangoja msaada. Upepo unakuchukua unakotaka wenyewe. Tena miezi ya Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi hukua.

Kwa hiyo makasia hayaachwi nyumbani, hata mashine iwe mpya namna gani. Chukua pia ndoo imara na kamba ndefu. Mashine ikizimika kwenye mawimbi, funga ndoo kwenye kamba, itupe majini, na kamba uifunge mbele ya boti. Ndoo itavuta maji, na boti itaelekeza pua kwenye mawimbi. Boti inayopigwa ubavuni ndiyo inayopinduka.

SAFARI ZA KWANZA

Mashine mpya ni kama ndama anayefundishwa kulima. Usimpe kazi kubwa siku ya kwanza. Vyuma vyake bado havijazoeana. Kwa mashine nyingi zinazochanganyiwa petroli na oili, kitabu chake husema saa 10 za kwanza ni za kuzoeza. Katika saa hizo nenda polepole, usibebe mzigo mzito, wala usifungue moto mpaka mwisho.

Safari hizo zifanyike asubuhi, kando ya ufuko, na mtu aliyezoea mashine awemo. Kila mtu avae boya. Boya lililowekwa chini ya mbao halimwokoi mtu.

Petroli igawe mafungu matatu. Fungu la kwanza la kwenda, la pili la kurudi, la tatu ni akiba. Akiba haiguswi mpaka siku ya shida.

HESABU YA OILI

Hapa ndipo kusoma na kuhesabu kunapolipa. Mashine nyingi za kuchanganya, zikiisha kuzoea, hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Wakati wa kuzoeza hutaka lita 1 kwa lita 25. Tuchukue dumu la lita 20:

Wakati wa kuzoeza: oili mililita 800.
Baada ya kuzoea: oili mililita 400.

Chupa ya maji ya nusu lita ni mililita 500. Itie alama kwa wino upate kipimo chako. Usikisie kwa macho. Oili ikipungua, vyuma vinasagana na mashine inakwama. Oili ikizidi, moshi unajaa na plagi inachafuka.

Lakini angalia! Mashine nyingine hazichanganywi. Oili yake hukaa peke yake ndani, kama ya gari. Soma kitabu cha mashine yako kwanza. Kama kimeandikwa Kiingereza, mpelekee mwalimu akusomee, nawe uandike vipimo kwenye daftari.

MATATIZO YANAYOTOKEA SANA

1. Mashine haiwaki. Usivute kamba mpaka bega liume. Kagua kwanza. Je, kamba ya usalama ya kuzimia iko mahali pake? Gia iko huru? Tangi lina petroli? Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa? Kipira cha kusukumia petroli kimebonyezwa mpaka kikawa kigumu? Kama unasikia harufu kali ya petroli, mashine imekunywa kupita kiasi. Fungua plagi, ikaushe, ivute mara chache bila plagi, kisha irudishe. Wakati huo asiwepo mtu mwenye sigara wala karabai inayowaka karibu.

2. Inawaka halafu inazimika. Mara nyingi ni hewa, uchafu au maji. Skrubu ya hewa ikifungwa, petroli haiwezi kutoka. Maji nayo huingia kwenye madumu wakati wa mvua na mawimbi. Mimina petroli kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini utayaona. Kila siku chuja petroli yako kabla ya kuitia.

3. Mashine inachemka. Mashine hupozwa kwa maji ya ziwa. Ikiwaka vizuri, maji hutoka nje kwa tundu dogo. Wavuvi husema mashine inakojoa. Kama haikojoi, zima mara moja! Pengine mfuko wa nailoni au majani yameziba mahali pa kuingilia maji. Pengine mchanga umeharibu gurudumu la mpira la pampu. Kwa hiyo karibu na ufuko inua mashine, tumia pondo au kasia. Na usiwashe mashine nchi kavu ili kuwaonyesha watu. Ukitaka kuijaribu, mguu wake uwe ndani ya pipa la maji.

4. Mashine inanguruma, boti haiendi. Tazama propela. Pengine wavu umejisokota. Zima kwanza, ndipo uinue na kuutoa. Katika mashine ndogo nyingi kuna pini ya propela. Pini hiyo ni laini kwa makusudi. Propela ikigonga jiwe, pini hukatika ili gia zipone. Watu wengine hutia msumari badala yake. Msumari haukatiki, ati, kinachokatika ni gia. Nunua pini mbili za akiba.

5. Mashine imeanguka majini. Ukiitoa, usiiache juani siku mbili ukimngoja fundi. Hewa na maji pamoja ndivyo vinavyoleta kutu. Isafishe matope, fungua plagi, mwaga maji yote, tia oili ndani, na fundi aifikie siku hiyo hiyo. Lakini kinga ni bora: kaza skrubu zake kila safari, na uifunge kwa kamba imara kwenye boti.

TUJIFUNZE KWA LIEMBA

Wazee wa Kigoma na Ujiji wanaijua meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda kwao mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ililetwa Kigoma vipande vipande, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916, vita ilipowazidi, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza.

Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini. Miaka 8 ilikuwa imepita, na injini bado zilifaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli.

Grisi ndiyo iliyoziokoa. Mashine yetu ndogo nayo inataka hivyo hivyo. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, ndio wakati wa kupaka grisi na kusafisha plagi. Tena mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mashine ikikaa muda mrefu namna hiyo, imalize petroli iliyo ndani, itie oili kwenye tundu la plagi, na uihifadhi ikiwa imesimama.

DAFTARI LA MASHINE

Weka daftari. Kila safari andika tarehe, saa ulizotembea, lita za petroli, oili uliyotia, na jambo lolote geni. Fundi akija, msomee. Kama mashine ni ya kikundi, daftari huzuia ugomvi, maana kila mtu ataona nani aliitumia lini na petroli imekwenda wapi. Usisahau leseni. Kwa uvuvi, mwone ofisa uvuvi. Boti ya abiria husimamiwa na TASAC.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini nanga haitoshi katika ziwa letu?
2. Dumu la lita 10, baada ya mashine kuzoea, linataka oili mililita ngapi?
3. Katika mwalo wetu, maboti mangapi yanaondoka bila makasia na maboya? Tufanye nini?