Tarakimu Ishirini: Jinsi Mita ya LUKU Inavyomtambua Mwuzaji wa Umeme

Katika nusu ya pili ya mwaka 2024, mkazi wa Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, aliyenunua umeme wa LUKU aliweza kukutana na jambo geni. Badala ya namba moja ya tarakimu 20 aliyoizoea, aliletewa namba tatu. Aliagizwa aingize katika mita namba ya kwanza, kisha ya pili, na mwisho ile ya tatu iliyobeba uniti alizolipia. Tarakimu 60 si kazi ndogo kwa mzee mwenye macho hafifu, asimamaye gizani mbele ya vitufe vidogo. Sababu ya taabu hiyo ni ya kihesabu, nayo yaweza kufundishwa hata katika kidato cha pili.

Tanga ni mji wenye historia ndefu ya umeme. Kituo cha maporomoko ya mto Pangani kilianza kazi mwaka 1936, na mashamba ya mkonge yalikuwa miongoni mwa wateja wake. Kwa miongo mingi matumizi ya mteja yalipimwa kwa mita yenye kisahani cha aluminiamu. Mkondo upitao katika koili za mita huzaa nguvu ya sumaku isukumayo kisahani. Kadiri umeme utumikavyo kwa wingi ndivyo kizungukavyo kwa kasi, na magurudumu yenye meno huhesabu mizunguko hiyo. Mita ya namna hii haikuhitaji kumjua mwuzaji. Ilihesabu tu, msoma mita alikuja na daftari lake, bili ikafuata, na asiyelipa alikatiwa umeme na fundi.

Mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ziliingia nchini katika miaka ya 1990, nazo ziligeuza utaratibu huo. Ndani ya mita hiyo mna swichi. Uniti zikiisha, mita huikatia nyumba umeme yenyewe. Zikiingizwa nyingine, huurudisha. Kwa hiyo sharti mita ijue ni nani mwenye haki ya kuiamuru, ilhali mita ya kawaida ya LUKU haina njia ya kumwuliza mtu yeyote. Habari zote huletwa na zile tarakimu 20.

Tarakimu hizo huandikwa kwa kufuata kanuni ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupi kama STS, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini. Ndani yake mna kiasi cha uniti, muda zilipouzwa, na sehemu ya ukaguzi inayofichua kosa la uandishi. Yote hayo hufumbwa kwa ufunguo wa siri, ambao ni namba ijulikanayo na mitambo ya mwuzaji na mita moja tu. Ndiyo maana namba iliyonunuliwa kwa ajili ya mita ya jirani haifai kitu katika mita nyingine. Ikifunguliwa kwa ufunguo usio wake hutoa upuuzi, na mita huikataa.

Lakini kuna hila nyingine ya kuzuiwa. Je, mtu akiingiza namba ile ile mara mbili? Hapa ndipo muda wa kuuzwa unapofanya kazi. Muda huo hauandikwi kwa tarehe, bali kwa hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hutunza orodha ya hesabu za namba ilizozipokea karibuni. Ikiletewa hesabu iliyomo katika orodha, au iliyo ya zamani kuliko zote zilizomo, huikataa. Ni ufumbuzi wa werevu, kwani mita yenyewe haihitaji kuwa na saa.

Hesabu ya dakika ilitengewa nafasi 24, kila nafasi ikichukua sifuri au moja. Mwanafunzi na azidishe mbili kwa mbili hata zitimie mbili 24: atapata 16,777,216. Agawanye kwa 1,440, ambazo ni dakika za siku moja, naye atapata siku 11,650 na sehemu. Akizihesabu siku hizo kuanzia mwanzo wa mwaka 1993 atafika tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo nafasi zilijaa, kama vile kihesabio cha kilomita cha gari kuukuu kinavyojaa tisa na kurudi kwenye sifuri. Mita ambayo haikurekebishwa haikuweza tena kupokea umeme mpya. Iliendelea na uniti zilizobaki, na zilipokwisha nyumba ilikuwa gizani mpaka irekebishwe. Kwa mwuza samaki mwenye jokofu, hilo si jambo la nadharia.

Dawa ilikuwa kuanza kuhesabu upya, safari hii kuanzia tarehe 1 Januari 2014. Hata hivyo hesabu mpya ni ndogo kuliko ya zamani, na mita ingeiona kuwa imepitwa na wakati. Ilibidi ipewe ufunguo mpya na orodha yake ya zamani ifutwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya zile namba mbili za ziada: kila moja ilibeba nusu ya ufunguo mpya, nao ulikuwa umefumbwa kwa ufunguo wa zamani.

Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya mwaka 2024. Iliwekwa tangu awali ili, pamoja na mambo mengine, mita iweze kuhamishwa kutoka kwa mwuzaji mmoja hadi kwa mwingine bila kung'olewa ukutani. Pwani ya Tanga ina mfano wa kufaa. Tangu mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari hupeleka umeme kutoka Tanga hadi Pemba. Umeme ni ule ule, lakini Tanga huuzwa na TANESCO, na Pemba huuzwa na Shirika la Umeme la Zanzibar. Elektroni hazina mwenyewe, mita inaye.

Mkazi wa Tanga hachagui mwuzaji. Nchini Uingereza mwenye nyumba huchagua, na huko ilionekana kwamba mita janja za kizazi cha kwanza, zinazotuma hesabu zenyewe kwa njia ya redio, mara nyingi zilipoteza ujanja wao mteja alipohama. Mwuzaji mpya hakuweza kuzungumza nazo, na mteja akarudia kusoma tarakimu kwa macho hadi ulipoundwa mtandao mmoja wa wauzaji wote. Uganda nako, tarehe 1 Aprili 2025, usambazaji ulitoka mikononi mwa kampuni ya Umeme ukaenda kwa shirika la serikali la UEDCL, na wateja wote wakahama kwa siku moja bila kuchagua.

Mita janja humwondolea mteja kazi ya kubonyeza vitufe, kwa kuwa uniti huweza kutumwa moja kwa moja. Haiondoi haja ya ufunguo. Mita zilizobaki na vitufe zinahesabu dakika tangu mwaka 2014, na nafasi zao 24 zitajaa tarehe 24 Novemba 2045.