Muziki Usiopunguzwa na Uhai wa Betri

Wanafunzi wengi wa Musoma na Bunda wanavifahamu vile viredio vidogo vinavyopokea kadi ya kumbukumbu na kutumia betri ya simu ya zamani, aina ya BL-5C. Kimoja hulia juu ya meza ya muuza samaki mwaloni, kingine dirishani kwa fundi cherehani. Penye viredio na simu za muziki aghalabu husikika dai hili: faili la wimbo likiwa kubwa, betri huisha upesi. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo, kwa sababu wapo wanaolitegemea hata wanapofanya kazi isiyoweza kurudiwa, yaani kurekodi sauti za wazee.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili mashine iweze kuihifadhi, mtikisiko huo hupimwa mara nyingi sana, na kila kipimo huandikwa kuwa namba. Katika CD vipimo huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kwa biti 16, tena kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha, nawe utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne basi huchukua megabaiti 42 hivi. Huo ni mzigo mkubwa, ndiyo maana zikatafutwa mbinu za kuubana.

Mbinu ya kwanza ni ya MP3, jina lililoanza kutumika kwa mafaili ya namna hiyo mwaka 1995 baada ya kazi ya miaka mingi ya wataalamu wa Ujerumani na wenzao. MP3 huchunguza udhaifu wa sikio. Ngoma kubwa inapopigwa, sikio halitambui mlio hafifu ulio karibu nayo. Basi mlio huo huandikwa kwa ukali kidogo tu au hutupwa kabisa. Kwa kasi ya biti 128,000 kwa sekunde, wimbo wetu hushuka hadi megabaiti 4 pungufu kidogo. Kilichotupwa hakirudi.

Mbinu ya pili haitupi kitu. Maarufu zaidi ni FLAC, iliyokamilika kwa toleo lake la kwanza mwaka 2001. Tuchukue vipimo vitano vinavyofuatana: 1000, 1012, 1023, 1033, 1042. Badala ya kuviandika vyote, mashine hubahatisha kipimo kinachofuata kwa kutazama vilivyotangulia. Kutoka 1000 hadi 1012 pameongezeka 12, basi itabashiri 1024. Kumbe ni 1023, kosa ni −1. Kisha itabashiri 1034. Kumbe ni 1033, kosa ni −1 tena. Vivyo hivyo kwa kipimo cha tano. Makosa hayo madogo ndiyo yanayoandikwa, nayo huhitaji biti chache tu. Anayefungua faili hufanya ubashiri uleule, huongeza kosa, na hupata namba za awali bila kupungua hata biti moja. Kwa kawaida faili hubaki nusu hivi ya ukubwa wake wa kwanza.

Ubashiri huu hufaulu penye utaratibu, kama vile mlio wa uzi au sauti ya mtu mmoja. Hushindwa penye kelele zisizo na mpangilio. Rekodi muziki chini ya paa la bati wakati wa mvua ya masika, nawe utaona faili la FLAC likivimba, maana kila tone hupiga bati kwa wakati wake na hakuna wa kulibashiri.

Betri inakwenda wapi?

BL-5C yenye uwezo wa miliampea-saa 1,020 na volti 3.7 hubeba nishati ya wati-saa 3.8 hivi. Kiredio kinachotumia wati moja kitalia chini kidogo ya saa nne; kikitumia nusu wati, saa saba na nusu. Kazi ya kufungua faili huchukua sehemu ndogo tu ya wati hiyo. Zaidi ya hayo, na hapa wengi hushangaa, kufungua FLAC kwa kawaida huhitaji hesabu chache kuliko kufungua MP3, kwa kuwa ubashiri na kujumlisha ni kazi nyepesi. Kazi nzito hufanywa mara moja tu, wakati wa kubana. Si mbinu zote za namna hii zilizo hivyo; Monkey's Audio, kwa mfano, huichosha mashine wakati wa kufungua kama ilivyoichosha wakati wa kubana.

Mlaji mkubwa ni amplifaya na spika. Sauti ikiongezwa kwa desibeli 3, nguvu inayopelekwa kwenye spika huongezeka maradufu; ikiongezwa kwa desibeli 10, huongezeka mara kumi. Katika simu mlaji mwingine ni kioo kinachowaka.

Hata hivyo dai la faili zito lilikuwa na ukweli wake zamani. iPod ya kwanza, iliyotolewa Oktoba 2001, iliweka nyimbo katika diski inayozungushwa na mota, pamoja na kumbukumbu ya umeme ya megabaiti 32. Kumbukumbu hiyo ikijaa, diski ililala. Kwa MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde, megabaiti 32 hutosha dakika 33; kwa muziki usiopunguzwa wa biti 700,000 kwa sekunde, hutosha dakika 6 tu. Diski ililazimika kuamshwa mara tano zaidi, na kila kuamka kulikula betri. Kadi ya kumbukumbu haina mota. Tofauti bado ipo, ila ni ndogo.

Walimu wa fizikia wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Chukua wimbo mmoja kutoka chanzo kimoja, utengeneze faili la FLAC na la MP3, kisha hakikisha chombo chako kinafungua yote mawili, maana si kila kiredio hukubali FLAC. Jaza betri, zima kioo, weka sauti kiwango kilekile, acha wimbo ujirudie hadi chombo kizimike, na uandike muda. Rudia mara tatu kwa kila faili kwa zamu, kwani betri nayo huchakaa. Mwishoni ongeza sauti na upime tena. Tanbihi: hedifoni za Bluetooth zitavuruga jaribio, kwani chombo hukibana tena kilichofunguliwa kabla ya kukirusha hewani, na mara nyingi kwa njia inayopunguza.

Sauti ya mzee

Tuseme sasa wanafunzi wa Butiama wamekwenda kijijini kumrekodi mpiga litungu, na kiongozi wao amechagua faili dogo ili kuokoa betri. Baadhi ya simu hurekodi kwa AMR, mbinu iliyobuniwa kwa mazungumzo ya simu, ambayo katika umbo lake la kawaida huacha masafa yote yaliyo juu ya hezi 4,000. Ule mlio mkali wa kidole kinapoudonoa uzi utakuwa umepotea. Kuligeuza faili hilo kuwa FLAC nyumbani hakusaidii; litakuwa kubwa, lakini FLAC itahifadhi kwa uaminifu kile tu kilichosalia. Kunakili faili hakupunguzi kitu. Kulifungua, kulikata na kulihifadhi upya kwa MP3 hupunguza kila mara.

Wala nafasi si kisingizio. Kwa mzee mmoja na litungu lake njia moja ya sauti yatosha, yaani biti 705,600 kwa sekunde, na kadi ya gigabaiti 32 itabeba saa 100 bila kubana chochote. Kwa FLAC zitakuwa saa 200 hivi.